Sikio linawasha, na kitovu nacho

SWALI: Daktari, nauza dagaa sokoni Mwaloni, Kirumba. Kila nikivaa hereni za bei chee ninazonunua Makoroboi, siku ya pili masikio yanawasha na kutoa majimaji. Chini ya kitovu nako nina upele usioisha. Shoga yangu anasema ninunue za silva, ila yake imegeuka nyeusi na watu wanasema ni kijicho. Nifanyeje?

JIBU: Mama, ungeandika habari za masikio tu, ningekuuliza maswali kumi. Huo upele wa kitovu umeniokolea muda: bila shaka unavaa jinzi, na upele umekaa pale pale kifungo kinapogusa tumbo. Kifungo hicho na hereni zako ni ndugu wa baba mmoja, na jina la baba ni nikeli.

Hereni nyingi za bei chee ni shaba iliyochanganywa na zinki, ikapakwa nikeli ing'ae, kisha juu rangi nyembamba ya dhahabu. Tazama uliyoivaa mwezi mzima. Ua bado linameta, lakini kijiti kinachopita tunduni kimeshakuwa cha kijivu. Hapo ndipo ngozi yako inapokutana na nikeli. Jasho, ambalo Mwaloni halikosekani, huiyeyusha kidogo kidogo, na mwili unaiona adui. Muwasho huchelewa, mara nyingi saa 24 hadi 72, ndiyo maana wengi hulaumu sabuni au chakula cha jana. Na mwili ukishaikataa nikeli, kwa kawaida haurudi nyuma.

Silva je? Ile halisi, ya muhuri wa 925, ina asilimia 92.5 ya fedha, na inayobaki mara nyingi ni shaba. Wengi wenye mzio kama wako huivaa kutwa bila tabu. Weusi unatokana na salfa: ikiigusa fedha, hutengeneza utando mweusi. Mayai hutoa salfa, samaki anayeoza vilevile, sasa anayeshinda penye dagaa ashangae nini? Kitambaa laini kinaufuta. Kijicho hakimo.

Ila muhuri peke yake usikutulize, maana hata shaba tupu hugongwa 925. Halafu kuna kinachoitwa fedha ya Kijerumani. Jina tamu, lakini fedha haimo hata chembe: ni shaba, zinki na nikeli. Kwako hiyo ni balaa. Nenda kwa sonara unayemwamini, umwambie wazi kuwa unataka kijiti na kifungio cha nyuma visivyo na nikeli. Ua linaloning'inia bila kugusa ngozi liwe la fasheni ukipenda. Mimi sina ugomvi na urembo. Wapo wanaopaka kijiti rangi ya kucha isiyo na rangi. Inasaidia siku chache, kisha inabanduka.

Kwa sasa vua zote. Osha panapowasha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, kausha, upake krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 mara mbili kwa siku, isizidi wiki. Zile krimu kali za mchanganyiko ambazo wengine hujichubulia ziache dukani. Ukiona usaha, homa, au ile sehemu ngumu ya juu ya sikio imevimba, usisubiri. Fika hospitali siku hiyo hiyo.

Na jioni ya leo, shonea kitambaa kizito nyuma ya kifungo cha hiyo jinzi.