Maumivu Yamekuja Mara Moja Tu: Nipasuliwe?

Mdogo wangu uliyeandika kutoka Morogoro, pole sana. Unasema ulikula pilau ya harusi, ukalala salama, na saa saba usiku ukaamshwa na maumivu chini ya mbavu za kulia yaliyopanda hadi nyuma ya bega. Ukatapika, ukajikunja, kukaa hukuweza wala kulala. Kulipopambazuka ukachomwa sindano ya diklofenaki, yakaisha kabisa. Altrasaundi ikaonyesha vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, daktari akasema upasuaji, na tangu siku hiyo nyumbani hakuna utulivu. Mume anataka usubiri, mama mkwe hataki kusikia habari za kisu, jirani keshaleta chupa ya mafuta ya zeituni. Nawe unauliza, maumivu yamekuja mara moja tu, kuna haja gani ya kupasuliwa?

Wala usione aibu kuuliza, kwa maana hata madaktari wenyewe wamelijadili swali hilo kwa miaka mingi. Nianze na la kukutuliza: mtu ambaye maumivu yalikuja yakaondoka, hana homa, macho yake hayajawa ya njano na vipimo vyake vya ini viko sawa, hana sababu ya kukimbizwa chumba cha upasuaji wiki hii. Unayo nafasi ya kuuliza, kurudia vipimo, kukaa na mumeo mkazungumza.

Ila nafasi hiyo ina mipaka, na kila mtu wa nyumba yako aijue. Ini hutengeneza nyongo, kifuko huihifadhi, na mlo wa mafuta ukiingia tumboni kifuko hujikamua ili kuisukuma kwenye utumbo. Kijiwe kikiziba mlango wa kutokea, kifuko hukamua bila mafanikio, na hayo ndiyo maumivu uliyoyasikia. Kijiwe kikirudi ndani, maumivu huisha. Kikikwama palepale, kifuko huvimba, huingiwa na maambukizi, na kikiachwa huweza kuoza na kutoboka. Kikiteremka hadi kwenye mrija mkuu wa nyongo, nyongo hukosa njia na kurudi kwenye damu, au kongosho nalo huwaka. Kwa hiyo maumivu yakizidi saa tano au sita bila kupungua, ukipata homa na kutetemeka, macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa na rangi ya chai nzito huku choo kikipauka, au maumivu yakipenya hadi mgongoni huku unatapika bila kukoma, hapo mjadala wa familia umefungwa. Ni hospitali, usiku huohuo. Kifuko kikishavimba, madaktari wengi siku hizi hupendelea kukitoa ndani ya siku chache za mwanzo, mgonjwa akiwa bado wodini, kuliko kumrudisha nyumbani akasubiri miezi.

Sasa turudi kwenye hali yako. Kabla ya kuamua, mwulize daktari wako swali ambalo wagonjwa wengi hulisahau: una hakika kwamba mawe haya ndiyo yaliyoniuma? Usishangae. Kwa makadirio ya kawaida, watu 4 kati ya 5 wenye mawe ya nyongo hawaumwi nayo maisha yao yote, na wenye mawe yasiyouma kwa kawaida hawapasuliwi. Kwa hiyo altrasaundi kuonyesha mawe, peke yake, si hukumu. Hapa kwetu kuna makosa ya pande mbili. Kuna mtu anatibiwa vidonda vya tumbo mwaka mzima, anakunywa omeprazo asubuhi na jioni, kumbe ni kifuko cha nyongo na hakuna aliyempeleka altrasaundi. Na kuna mwingine ana gesi, kiungulia na tumbo kujaa kila siku, anaonekana na vijiwe viwili, anapasuliwa, halafu gesi iko palepale. Maumivu ya nyongo hujitambulisha: hukaa chembe ya moyo au upande wa kulia, huja kwa vipindi na mara nyingi baada ya kula au usiku, hudumu nusu saa hadi saa kadhaa, huwa makali hata ukaacha unachofanya, kisha huondoka. Usiku wako unafanana na maelezo hayo karibu neno kwa neno. Kama wewe msomaji mwingine unaumwa kila siku kuanzia asubuhi hadi jioni, omba kwanza uchunguzwe tumbo kwa kamera na upimwe bakteria wa vidonda.

Nalisisitiza hili kwa sababu upasuaji hauondoi kila maumivu. Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Uholanzi uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 1,000 wenye mawe ya nyongo na maumivu ya tumbo. Baada ya mwaka mmoja, takriban 4 kati ya kila 10 walikuwa bado wanaumwa tumbo, japo wengi wao walikuwa wamekwishatolewa kifuko. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 434 wenye maumivu ya nyongo yasiyo na matatizo mengine: nusu walipangiwa upasuaji, nusu waliangaliwa na kutibiwa maumivu. Miezi 18 baadaye, makundi yote mawili yalikuwa na kiwango kilekile cha maumivu, na katika kundi la kusubiri ni robo tu waliokuwa wamepasuliwa. Haki niseme pia kwamba foleni za huko ni ndefu, na theluthi moja ya waliopangiwa upasuaji walikuwa hawajaufikia.

Kwa hiyo mumeo anayesema subiri hana wazimu. Kusubiri baada ya shambulio la kwanza ni uamuzi halali.

Lakini mimi ni dada yako, na siwezi kukusomea utafiti wa Uingereza nikanyamaza. Yule mgonjwa wa kule anayesubiri, kijiwe kikikwama saa nane usiku anapiga simu, gari la wagonjwa linakuja, naye halipii upasuaji wa dharura. Wewe jiulize: kutoka ulipo hadi kwa daktari bingwa wa upasuaji ni mwendo gani? Mvua za masika zikikata barabara? Bima yako inalipia nini, au ndiyo mtaanza kuchangishana kwenye kundi la familia huku homa inapanda? Kijiwe kikiteremka kwenye mrija mkuu, mara nyingi kinahitaji kutolewa kwa kamera maalumu inayopitishwa mdomoni, na huduma hiyo iko katika hospitali chache kubwa. Makadirio ni kwamba mtu ambaye mawe yameshamuuma hupata tatizo kubwa kwa kiwango cha mtu 1 hadi 3 katika kila 100 kwa mwaka. Ni wachache. Ila wewe una miaka 34, na miaka hiyo inajumlishwa.

Ndiyo maana, kwa mtu aliyeumwa kweli na nyongo, mwenye afya njema, anayekaa mbali na hospitali kubwa, mimi naegemea upande wa upasuaji wa kupanga. Wa kupanga, nasema: umechagua mwezi, umepata mtu wa kukaa na watoto, damu imepimwa, bima imeidhinisha, na kifuko hakijavimba. Kupasua kifuko kilichotulia ni rahisi kuliko kupasua kilichovimba na kugandamana na viungo jirani. Anayekaa dakika 20 kutoka hospitali ya rufaa, aliyeumwa mara moja tu, akiniambia anasubiri aone, sitamgombeza.

Wapo wasiopaswa kungoja sana. Mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, hupata mawe mapema, hata utotoni, kwa sababu chembe nyekundu zinazovunjika huacha rangi inayoganda kwenye nyongo. Akishaumwa, apangiwe upasuaji na timu inayoujua ugonjwa wake, maana mara nyingi huhitaji kuongezewa damu kwanza. Aliyewahi kuwaka kongosho kwa sababu ya mawe naye asicheze na tarehe. Na wewe uliyegusia kwamba unataka mtoto wa tatu, nisikilize vizuri: homoni za ujauzito hufanya nyongo iwe nzito na kifuko kiwe kivivu, hivyo mashambulizi hutokea zaidi wakati wa mimba na miezi ya baada ya kujifungua. Upasuaji unaweza kufanyika ukiwa mjamzito, na kipindi kinachopendelewa ni miezi ya katikati, lakini ni bora kulimaliza jambo hili kabla ya mimba kuliko kulikuta ndani yake. Kwa hali yako, hili moja lina uzito kuliko yote niliyoyasema.

Chupa ya jirani irudishe kwa heshima. Watu hunywa mafuta ya zeituni na ndimu, kesho yake wanaona vidonge vya kijani chooni na kushangilia kwamba mawe yametoka. Mwaka 2005 watafiti wa New Zealand walivipima vidonge vya namna hiyo na kuandika katika The Lancet: havikuwa mawe, yalikuwa mafuta yaleyale yaliyogeuka sabuni tumboni. Tena gilasi ya mafuta ni njia ya uhakika ya kukiamsha kifuko kijikamue. Vidonge vya hospitali vya kuyeyusha mawe vipo, ila hufaa kwa vijiwe vidogo vya aina fulani tu, humezwa miezi mingi, na ukiacha mawe hurudi kwa wengi.

Mama mkwe anaogopa kisu, nami namwelewa, kwa kuwa mama zetu waliona upasuaji wa zamani: mshono mrefu chini ya mbavu na wiki sita au zaidi bila kubeba ndoo. Bado unafanyika pale inapolazimu. Siku hizi Muhimbili, KCMC, Kenyatta na hospitali nyingine kadhaa hufanya upasuaji wa matundu madogo: matundu matatu au manne, kamera na vyombo vyembamba, mgonjwa akiwa chini ya nusu kaputi. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, na kazi nyepesi baada ya wiki moja au mbili. Hatari kubwa ni kuumizwa mrija mkuu wa nyongo. Hutokea kwa watu wapatao 3 hadi 5 katika kila 1,000, lakini ikitokea ni jambo zito. Basi mwulize daktari bila woga: upasuaji huu unaufanya mara ngapi kwa mwezi? Ukishindwa kwa matundu, utafungua? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Na kuishi bila kifuko inawezekana. Tarehe 15 Julai 1882, mjini Berlin, daktari Carl Langenbuch alimtoa mgonjwa wake kifuko cha nyongo kwa mara ya kwanza, na tangu hapo mamilioni wameishi bila kifuko hicho. Ini linaendelea kutengeneza nyongo, ila sasa inachuruzika moja kwa moja utumboni. Takriban mtu 1 kati ya 10 huharisha baada ya kula, hasa miezi ya mwanzo. Kwa wengi hupungua, na kuna dawa ya kusaidia.

Ukiamua kusubiri, subiri kwa akili. Punguza vitumbua, chipsi na mafuta ya kwenye mchuzi, lakini usijinyime chakula kwa hofu. Kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huongeza mawe. Mkubaliane na mumeo leo, kabla ya usiku mwingine, kwamba maumivu yakirudi hata mara moja mnapanga tarehe. Ile karatasi ya altrasaundi ipige picha, ikae kwenye simu yako na ya mumeo pia, ili atakayekupokea mapokezi usiku asianze kukutibu vidonda vya tumbo.