Dondoo muhimu: Pikapu isiteleze kwenye theluji
Kwa walioko Minnesota, Ontario na kwingineko kwenye baridi kali: pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na kama inasukumwa na magurudumu ya nyuma, balaa huanzia hapo.

Tairi kwanza. Nunua za majira ya baridi, zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ubavuni, ufunge zote nne. Mpira wa tairi za kiangazi hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi; hata ziwe mpya, hazishiki barabara. Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, maana baridi huupunguza.

Kisha uzito. Viroba vya mchanga vya jumla ya kilo 100 hadi 150 vinatosha kwa pikapu nyingi. Vipange juu ya ekseli ya nyuma, si mkiani, na uvifunge kwa mikanda. Ukigonga, kiroba kilicho huru huruka mbele. Ukikwama, pasua kimoja umwage mchanga kwenye njia ya magurudumu.

Na wenye magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, msijidanganye: mfumo huo unasaidia kuondoka, hausaidii kusimama. Punguzeni mwendo.