Jino Limeng'oka? Lirudisheni, Kisha Mtibu Mzizi

Mtoto wa miaka 11 ameanguka na baiskeli akiteremka mlima wa Kamachumu. Anainuka na damu mdomoni, na jino lake la mbele liko chini kwenye vumbi, zima na mzizi wake. Mmoja amnyamazishe mtoto, mwingine aanze kulitafuta jino sasa hivi.

Jino hilo bado lina uhai. Mzizi wake umefunikwa na utando mwembamba wa chembe hai, ndizo zilizokuwa zikilishikilia kwenye taya. Zikikauka hufa, na jino likikaa kavu kwa saa moja hazibaki nyingi za kuokoa. Ukitoka visiwa vya Goziba au Bumbire kwa boti, saa hiyo itakuishia ziwani. Hata kwa aliyepo Muleba mjini, hospitali ya Bukoba ni mbali. Kwa hiyo tiba ya kwanza inafanyika palepale jino lilipong'okea.

Lishikeni upande mweupe wa kutafunia, kamwe si kwenye mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuzeni kwa maziwa au kwa maji safi sekunde chache tu. Msilisugue, msitie sabuni wala spiriti. Kisha lisukumeni taratibu kwenye tundu lake, sura yake ikielekea mbele kama jino la jirani, na mtoto aume kitambaa safi hadi mfike kwa daktari.

Mkiogopa kulirudisha, wekeni jino kwenye kikombe cha maziwa freshi ya baridi. Mtindi haufai, wala chai ya maziwa. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate kwenye kikombe na jino likae humo. Maji ya kawaida si mahali pa kulihifadhi, huziharibu zile chembe. Aliyepoteza fahamu au anayeonekana kuvunjika taya awahishwe hospitali kwanza. Jino lake lisafiri kwenye maziwa.

Jino la utoto halirudishwi, maana linaweza kuumiza jino la ukubwani linalokua chini yake. Hilo lirusheni juu ya bati kama kawaida.

Hospitalini

Muleba kuna Rubya, Ndolage na Kagondo. Bukoba kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Pigeni simu kwanza muulize kama daktari wa meno yupo siku hiyo. Atahakikisha jino limekaa sawasawa, atalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani kwa wiki 2, na ataangalia kama mgonjwa anahitaji antibiotiki na chanjo ya pepopunda. Kwa wiki hizo chakula kiwe laini. Ndizi za kupika hazina shida, ila muwa usubiri, na hata senene wa kukaanga, msimu uwe umefika au haujafika.

Mzizi utibiwe hata kama hauumi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Waya unatolewa, jino limetulia, haliumi, na nauli ya kurudi inaonekana hasara.

Jino lilipong'oka, mishipa ya damu inayoingia kwenye ncha ya mzizi ilikatika. Kwa jino lililokomaa, tundu la ncha ni dogo mno kwa mishipa hiyo kuunganika tena. Nyama laini iliyo ndani ya jino hufa, vijidudu huzaliana humo, na sumu yao hupenya hadi nje ya mzizi. Mwili unapopambana nayo huanza kuula mzizi wenyewe, mara nyingi bila maumivu. Jino linaonekana zuri kwenye kioo huku mzizi unayeyuka.

Kwa hiyo matibabu ya mzizi yaanze ndani ya wiki 2 tangu jino lirudishwe. Daktari atapiga ganzi, atatoboa tundu dogo nyuma ya jino, ataondoa nyama iliyokufa kwa visindano vyembamba na kuosha ndani. Mara nyingi huweka dawa ya kalsiamu inayokaa hadi mwezi mmoja, ndipo mzizi huzibwa moja kwa moja. Kuling'oa ni rahisi zaidi, ni kweli, lakini pengo la mbele mtoto anaweza kukaa nalo maisha yake yote.

Mtoto wa miaka 7 au 8 ni habari nyingine. Ncha ya mzizi wake bado ina uwazi mkubwa na damu inaweza kurudi, hivyo daktari huenda akasubiri. Kusubiri huko kuna masharti: mtoto aonwe mara kwa mara, na zikionekana dalili kwamba jino limekufa ndani, atibiwe bila kuchelewa.

Jino lililokaa kavu muda mrefu huenda likagandana na mfupa na kupotea polepole kwa miaka. Bado inafaa kulirudisha, kwa sababu linalinda mfupa wa taya wakati mtoto anakua.

Daktari atataka kuliona jino tena baada ya wiki 4, miezi 3, miezi 6 na mwaka, kisha kila mwaka kwa angalau miaka 5. Andikeni kwenye daftari la kliniki siku na saa lilipong'oka, lilikaa nje dakika ngapi, na lilihifadhiwa kwenye nini. Ndiyo maswali atakayoanza nayo.