SOMO LA ROBO HII: Sanduku la safari, na tulichojifunza Kaole kuhusu mbao, uzito na gari la mradi



Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha somo la kazi ya mikono. Mtu yeyote mwenye msumeno, skwea na jioni chache za mapumziko anaweza kulifanya: kutengeneza masanduku ya mbao yanayofaa kwa matumizi ya nyumbani na pia ndani ya gari la safari. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, sharika kadhaa zimetuuliza zitumie nini kubebea vifaa vya kliniki na vya uinjilisti. Pili, sisi wenyewe tulikosea katika jambo hili, na waliolipa gharama ya kosa letu ni watu wengine.

Kosa letu

Kikundi chetu cha useremala cha Kaole, kilomita kama 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo, hukutana Jumamosi jioni. Wengi wao si mafundi. Wamo wakulima, wavuvi, mwalimu mmoja na akina mama wawili wanaopenda kujifunza kwa furaha tu. Kazi yao ya kwanza kwa ajili ya mradi ilikuwa sanduku la mninga, urefu sm 90, upana sm 45, kimo sm 30, mbao za inchi 1, likapigwa vanishi hadi likang'aa. Kila aliyeliona alilisifu, na sisi tulikuwa wa kwanza kulisifu.

Tuliliweka nyuma ya gari la mradi, tukapanga ndani yake mizani ya kupimia watoto, madaftari ya kliniki na baadhi ya dawa. Hatukulifunga. Tulidhani uzito wake ungetosha kulishikilia. Katika barabara ya kwenda Msata ng'ombe alivuka ghafla, dereva akakanyaga breki. Gari lilisimama salama, lakini sanduku halikusimama. Liliteleza hadi mbele likagonga kiti alichokalia muuguzi, naye akaumia bega. Mizani ilivunjika.

Kliniki ya siku ile haikufanyika. Akina mama waliokuwa wamefika tangu alfajiri, wengine kwa mguu, walirudi nyumbani bila watoto wao kupimwa. Tuliandika habari hii katika taarifa ya robo ile bila kuificha, kwa sababu mizani ilitokana na sadaka zenu. Dereva hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu tulioandaa mzigo.

Jumamosi iliyofuata tulimwita mzee mmoja jirani yetu, Mwislamu, fundi wa milango ambaye pia amefanya kazi nyingi za majahazi. Alilizunguka lile sanduku, akalinyanyua upande mmoja, akalirudisha chini. "Mratibu," alisema, "hili ni kabati. Mmelipeleka safari bila kuliuliza." Tangu siku ile amekuwa mwalimu wetu. Yanayofuata ni mafunzo yake pamoja na hesabu zetu.

Funzo la kwanza: anza na uzito

Wakazi wa Bagamoyo wanapaswa kulijua jambo hili kuliko watu wengi. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilifungasha mizigo yake hapa. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 30, na kila kitu kilichokwenda bara kilipaswa kugawanywa hadi kifikie kipimo hicho.

Mfano ulio wazi ni ule wa mwaka 1874. Stanley alileta kutoka Uingereza mashua iitwayo Lady Alice, iliyoundwa kwa vipande ili ibebwe na watu hadi Ziwa Victoria. Vilipofika Zanzibar vilionekana kuwa vizito mno kwa wapagazi. Ilibidi seremala avikate na kuvigawa upya kabla msafara haujaondoka Bagamoyo mwezi Novemba. Mwaka uliofuata mashua iliunganishwa na kuelea ziwani. Aliyeiunda aliijua vizuri kazi ya mashua, lakini hakumfikiria mtu atakayeinyanyua.

Sisi tulifanya kosa lilelile. Mninga mkavu una uzito wa wastani wa kilo 640 kwa mita moja ya ujazo. Sanduku letu, kwa mbao za inchi 1, lilikuwa na kilo 26 likiwa tupu. Kwa kipimo cha mpagazi lilikuwa limebakiza kilo 4 tu za vifaa. Sanduku la vipimo hivyohivyo la plaiwudi ya milimita 12 lina kilo zipatazo 14 pamoja na papi, bawaba na skrubu. Hilo linabakiza kilo 16.

Kanuni yetu sasa ni hii: sanduku likiwa limejaa lisizidi kilo 30, na libebwe na watu wawili. Lisiponyanyulika bila kuugua, ligawanywe.

Funzo la pili: chagua ubao kwa haki

Mninga ni mti mzuri kwa kiti, meza na kitanda. Nyumbani unakaa miaka mingi. Kwa sanduku la gari tunatumia plaiwudi, na kwa kona za ndani tunatumia papi za msindano kutoka mashamba ya miti ya kupandwa, kama yale ya Sao Hill huko Mufindi. Papi hizo ni nyepesi na hukatika vizuri kwa msumeno wa mkono.

Mkinunua mbao za miti ya asili, ulizeni risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inahusu pia mbao chache za kamati ya usharika. Hapa Kaole kuna kishawishi kingine: mikoko iko jirani, na fito zake ni imara. Mikoko ya pwani yetu imehifadhiwa, na haikatwi bila kibali. Hifadhi hiyo ndiyo inayozuia bahari kula ardhi na kuwapa kamba na samaki wadogo mahali pa kukulia. Tusijenge mradi wa huduma kwa kuwaharibia wavuvi riziki yao.

Funzo la tatu: chora kabla ya kukata

Plaiwudi moja ina futi 8 kwa 4, yaani sm 244 kwa 122. Tulipokata bila mchoro, vipande vingi viliharibika. Baada ya kuchora tuliona kwamba plaiwudi 3 zinatoa masanduku 4 pamoja na rafu moja ya nyumbani. Fanyeni hivi:

1. Kila plaiwudi ikatwe kwanza vipande viwili vya sm 90 kwa 122. Kitabaki kipande cha sm 64 kwa 122. Jumla mtapata vipande vikubwa 6 na vidogo 3.

2. Vipande vikubwa 4: kila kimoja kitoe mbao mbili za sm 90 kwa 45 na moja ya sm 90 kwa 30. Hizo ni vifuniko 4, sakafu 4 na mbavu ndefu 4.

3. Kipande kikubwa cha tano kitoe mbao 4 za sm 90 kwa 30. Hizo ni mbavu ndefu zilizobaki.

4. Vipande vidogo 3: kila kimoja kitoe mbao 4 za sm 45 kwa 30. Nane kati ya hizo ni mbavu fupi za masanduku. Mbavu fupi hukaa katikati ya zile ndefu, kwa hiyo zipunguzwe hadi sm 42.6, yaani sm 45 kutoa unene wa plaiwudi mbili.

5. Kipande kikubwa cha sita kitoe mbao 4 za sm 90 kwa 30. Tatu ni za rafu. Mbili kati ya zile mbao fupi zilizobaki ni kuta zake.

Msumeno nao hula ubao, karibu milimita 3 kila unapopita. Katika mpango huu nafasi hiyo imo.

Funzo la nne: unganisha kwa ajili ya hewa ya pwani

Ndani ya kila kona wekeni papi ya sm 2.5 kwa 2.5, ipakwe gundi isiyoyeyuka kwa maji, kisha ikazwe kwa skrubu. Msitumie misumari peke yake. Gari linapopita kwenye makorongo, misumari hulegea polepole. Skrubu ziwe za shaba au zenye zinki, kwa sababu hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida. Toboeni kwanza kwa kekee, ili papi isipasuke.

Kifuniko kiachiwe nafasi ndogo kila upande. Wakati wa masika mbao huvuta unyevu na kuvimba, na kifuniko kilichobana sana hakitafunguka siku mnayokihitaji. Kwa vishikio tunatoboa matundu mawili kila upande mfupi na kupitisha kamba ya makumbi, ikafungwa fundo kwa ndani. Kamba ikichakaa hubadilishwa kwa muda mfupi. Pigeni msasa kingo zote kabla ya kupaka rangi, kwa kuwa sanduku hili litashikwa na mikono mingi.

Funzo la tano: funga mzigo

Hili ndilo funzo tulilolipia. Gari likisimama ghafla, kitu kisichofungwa huendelea mbele kwa mwendo uleule gari lililokuwa nao. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na likasimama kwa kugonga kitu, sanduku lisilofungwa litafika mbele kwa kasi ya kitu kilichoanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Hakuna anayekaa chini ya mnazi ambao madafu yake yanaanguka. Lakini tulimkalisha muuguzi wetu mbele ya sanduku la namna hiyo.

Masanduku yasukumwe hadi yaguse migongo ya viti, pasibaki mwanya. Mikanda ya kufungia mizigo ipite juu ya masanduku na kushikwa kwenye pete za chuma zilizofungwa kwenye sakafu ya gari. Kama gari halina pete, fundi wa magari aziweke kabla ya safari ya kwanza. Vitu vizito vikae sanduku la chini. Dereva akague mikanda kila kituo, na awe na mamlaka ya kukataa kuondoka.

Kabla ya yote, pimeni nafasi ya nyuma ya gari lenu, hasa kati ya matao ya magurudumu, kwa kuwa magari hayafanani. Masanduku manne yakipangwa mawili kwa mawili hutoa jukwaa la sm 180 kwa 90. Likiwekewa godoro na chandarua, mtu mmoja hulala vizuri mahali pasipo na nyumba ya wageni. Gari likiwa linatembea, mtu asilale juu yake hata kidogo.

Sanduku likirudi nyumbani

Masanduku haya hayakai bure siku ambazo hakuna safari. Mawili yakiwekwa pamoja ni benchi la sm 180 kwa shule ya Jumapili. Nyumbani hutunza nguo, vitabu au unga. Wanakikundi wawili wametengeneza ya kwao kwa mipango hiihii, na mmoja ametengeneza rafu ya vitabu vya watoto wake. Anayetaka kuendelea zaidi anaweza kuuliza vyuo vya VETA. Na jirani kabisa na Kaole, pale Mbegani, kipo chuo cha uvuvi ambako uundaji wa boti hufundishwa.

Maandiko nayo yanalijua sanduku la safari. Katika Kutoka sura ya 25 sanduku la agano linapewa vipimo kwa dhiraa, aina ya mti, pete, na miti ya kulichukulia ambayo haikutakiwa kuondolewa. Kabla ya kutajwa litakapowekwa, imekwisha kuelezwa namna watu watakavyolibeba.

Lile sanduku la mninga bado tunalo. Liko ofisini, limejaa mafaili, na pale linafaa kabisa. Muuguzi wetu alipona na amerudi kazini. Mizani nyingine imenunuliwa kwa michango ya wanakikundi wenyewe, na sasa inasafiri ndani ya sanduku la plaiwudi, imezungushiwa blanketi kuukuu. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni vifaa gani vya usharika wetu vinasafirishwa bila kufungwa? Nani anakaa mbele yake?

2. Chombo tulichotengeneza au kununua mwaka huu, nani hukinyanyua? Tulimuuliza?

3. Tunazo risiti za mbao zetu?

4. Ni nani jirani yetu mwenye ufundi, wa dini yoyote, ambaye hatujawahi kumwomba atufundishe?

Kamati itakayotaka mchoro wa kukatia iandike kwa ofisi ya miradi. Tutautuma pamoja na toleo lijalo. Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu.