Kutandaza Nyaya za Umeme Nyumbani: Kazi Ipi ni Yako, Ipi ni ya Fundi Mwenye Leseni

Kwa miaka mingi wilaya za Ngara na Biharamulo zilitegemea mitambo ya dizeli. Leo zimeunganishwa na Gridi ya Taifa, na katika maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, kuna mtambo wa megawati 80 unaozihudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Nguzo zinapofika kijijini, mwananchi aliyekwisha kutumia fedha za mavuno kwa matofali na bati hujiuliza: kwa nini nimlipe fundi kwa kazi ya kupitisha waya ukutani?

Swali hilo ni la msingi. Jibu letu ni kwamba malipo ya fundi hayaishii kwenye kupitisha waya. Unalipia pia hesabu, vipimo na dhamana.

Hesabu

Pasi ya wati 1,000 na birika la wati 2,000 vikitumika pamoja kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampia 13. Mtu akiwa ameunganisha soketi hiyo kwenye nyaya za taa, zenye unene wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampia 10, breka inaweza kukata. Wengi hudhani breka ni mbovu, wakaweka ya ampia 32. Kelele huisha, lakini mlinzi ameondolewa: waya ukizidiwa unaweza kuchemka ndani ya ukuta au juu ya dari bila breka kukata. Ndiyo maana soketi huwekewa njia yake, kwa kawaida yenye waya wa milimita za mraba 2.5, na jiko la umeme huwa na njia yake peke yake.

Vipimo

Taa kuwaka si ushahidi kwamba nyumba ni salama. Taa itawaka hata kama waya wa ardhi haupo kabisa. Siku waya uliochubuka utakapogusa bati la paa au ganda la pasi, umeme utakosa njia ya kwenda ardhini, na mwili wa mtu ndio utakaokuwa njia hiyo. Udongo unapokauka wakati wa kiangazi, uwezo wake wa kupitisha umeme hupungua. Kwa hiyo kuichimbia fimbo ya shaba hakutoshi, ni lazima ipimwe kwa kifaa maalumu.

Dhamana

Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi hii hufanywa na mwenye leseni ya EWURA. Saini yake kwenye fomu inayowasilishwa TANESCO inamaanisha kwamba anawajibika kwa kazi hiyo. Fundi asiye na leseni anayeazima muhuri wa mwingine anakuuzia karatasi: likitokea tatizo, aliyesaini hajawahi kuiona nyumba yako.

Unachoweza kufanya mwenyewe

- Kuchimba mifereji ya mabomba ukutani kabla ya plasta, kwa maelekezo ya fundi.
- Kununua vifaa kwa orodha aliyokuandikia, na kutunza risiti.
- Kubadilisha balbu baada ya kuzima swichi.
- Kubonyeza mara kwa mara kitufe cha majaribio kwenye kifaa kinachokata umeme unapovuja.

Usiongeze soketi, usibadilishe breka, wala usivute waya kwenda banda la kuku au nyumba ya jirani.

Kabla ya kulipa

1. Omba kuona leseni, kisha ihakiki EWURA.
2. Dai makadirio ya maandishi yanayotenganisha gharama ya vifaa na ya ufundi.
3. Lipa kwa awamu. Awamu ya mwisho iwe baada ya vipimo kufanyika mbele yako.
4. Tunza nakala ya fomu na mchoro wa njia za nyaya.

Ikiwa nyumba yako ina vyumba vichache na fedha haitoshi, ulizia TANESCO kuhusu kifaa cha Umeme Tayari (UMETA), kinachokupatia taa na soketi bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Ni heri kuanza na taa mbili zilizo salama kuliko vyumba sita vyenye nyaya zisizopimwa.

Fundi akikataa kurekebisha kasoro, wasilisha malalamiko EWURA kwa maandishi, ukiambatisha makadirio na risiti zako.