UKURASA WA AFYA: UMEME NYUMBANI – KATA KWANZA, NDIPO UOKOE

Tangu mwaka 2018 umeme wa gridi ya taifa ulipofika Songea na Mbinga, nyumba nyingi za kwetu zimepata mwanga. Tunashukuru. Lakini umeme huo ni wa volti 230, nao unaweza kuua.

Umeme huingia kwenye taa au pasi kwa waya mmoja na kurudi kwa waya wa pili. Ukipata njia nyingine ya kwenda ardhini, hupita huko pia. Mtu akigusa waya uliochubuka, naye amesimama peku penye unyevu, mwili wake ndio njia hiyo. Kwa hiyo anayetoka kufua, au kuvua ziwani, ajikaushe kwanza kabla ya kugusa swichi.

Waya wa tatu, wa kijani na njano, huunganishwa na fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini. Chombo kikivujisha umeme, waya huu huupeleka ardhini na fyuzi hukatika. Tusiukate. Tena, fyuzi hulinda nyaya zisiungue. Umeme mdogo usioweza kukata fyuzi unatosha kusimamisha moyo. Tumwombe fundi mwenye leseni atufungie pia swichi inayokata umeme unaovuja, ya miliampia 30.

Mtu akinaswa:

1. Tusimshike. Anayemvuta kwa mikono hunaswa naye, na msiba huwa wa watu wawili.
2. Tuzime swichi kuu. Ikishindikana, tusimame juu ya ubao mkavu, tumsukume kwa mti mkavu.
3. Waya wa nguzo ukianguka, tusiusogelee kabisa. Tuzuie watu, tuwaite TANESCO.
4. Akiwa hapumui, tumlaze chali, tubonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi apumue au msaada ufike.
5. Penye kuungua, umeme ukishakatwa, tumwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Tusipake asali wala dawa ya meno.
6. Tumpeleke hospitali hata akisema yu mzima. Umeme huunguza ndani, na moyo unaweza kuyumba baadaye.

Zoezi la mwezi huu: jioni ya leo, baada ya sala ya familia, kila mmoja, hata mtoto, aonyeshwe swichi kuu ilipo na namna ya kuizima.