Mdogo wangu, rangi ziweke mwisho

Mdogo wangu unayebuni mabango, kadi za harusi na matangazo ya kwenye simu, kazi yako ijayo ianze kwa nyeusi na nyeupe tu. Panga maneno, picha na nafasi mpaka mtu ajue aanzie wapi kusoma. Wengi huanza na rangi tano, wakahangaika kuzitafutia mahali, na mteja akisema "bado haijachangamka" wanaongeza ya sita.

Kila rangi ipe kazi. Nyekundu ikishakuwa ya bei, isirudi kwenye pambo la pembeni. Kanga ya kisutu, ile ya maharusi, ina nyekundu, nyeusi na nyeupe, na unaitambua ukiwa ng'ambo ya barabara. Wala usiniambie kijani ndiyo rangi ya pesa: M-Pesa ya Kenya ni ya kijani, ya Tanzania nyekundu, na pesa zinatumwa kote kote. Watu huzoea rangi usipowabadilishia kila wiki.

Linaloniuma hasa ni hili. Wapo watu wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, na wengi wao ni wanaume, kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa kupitia kromosomu ya X na mwanamume anayo moja tu. Abiria wa namna hiyo ukimchorea ramani ya viti vya basi, vyekundu vilivyojaa na vya kijani vilivyo wazi, ameachwa bila msaada. Andika "wazi" juu ya kiti, au kile kilichojaa kipige mkato. Mfikirie na mama mtu mzima anayesoma simu juani: kijivu hafifu juu ya nyeupe hakioni. Miongozo ya kimataifa ya tovuti, WCAG, inataka maandishi ya kawaida na mandhari yake vitofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na vipimo vya bure viko tele kwenye intaneti.

Kabla ya kuchapa, omba nakala moja ya majaribio. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi, kwa hiyo ile bluu kali inaweza kutoka imefifia. Mwite mteja aitazame karatasi yenyewe, mchana, nje ya duka, ndipo akubali.